Kichwa cha Luzira Kilicho London

Kila siku asubuhi, kabla ya saa nne, watu hupanga mstari mbele ya lango la chuma katika mtaa wa Great Russell Street, mjini London. Wamo wanafunzi waliovaa sare, wamo wazee wenye mikongojo, wamo akina mama wanaosukuma vigari vya watoto wachanga, na wamo wageni wa kila rangi wanaozungumza lugha za pande zote za dunia. Mikoba hufunguliwa na kukaguliwa, kama ilivyo desturi ya kila lindo. Kisha mgeni huvuka uwanja, hupanda ngazi za mawe na kupita katikati ya nguzo kubwa ambazo kwa jumla ni 44. Hakuna anayedaiwa kiingilio, isipokuwa kwa maonyesho machache maalumu. Tajiri na maskini huingia kwa mlango mmoja.

Hilo ndilo Jumba la Makumbusho ya Uingereza, mojawapo ya majumba makubwa kabisa duniani yanayohifadhi historia na utamaduni wa mataifa. Hazina yake ina vitu vipatavyo milioni 8. Vinavyoonyeshwa hadharani ni kama 80,000 tu, yaani kimoja katika kila mia. Vingine vyote vimelala ghalani, katika makabati na masanduku. Mwaka 2024 jumba hilo lilipokea wageni zaidi ya milioni 6.

Miongoni mwa vitu hivyo kimo kichwa kimoja cha udongo kilichofukuliwa Luzira, nje kidogo ya Kampala, katika ardhi ya gereza. Wengi katika Uganda, hata miongoni mwa wale waliolinda gereza hilo kwa miaka mingi, hawajapata kusikia habari zake. Habari hizo zitaelezwa hapa, lakini kwanza yafaa kupita katika vyumba vingine, ili ifahamike ni nyumba ya namna gani iliyokipokea kichwa hicho.

MALI YA DAKTARI MMOJA

Jumba hili lilianza kwa wosia. Daktari Hans Sloane, aliyefariki mwaka 1753, alikuwa amekusanya katika maisha yake vitu zaidi ya 71,000: vitabu, sarafu, mimea iliyokaushwa, mawe, silaha na mapambo kutoka nchi za mbali. Aliagiza kwamba vyote vipewe taifa, kwa sharti kwamba warithi wake walipwe paundi 20,000. Bunge la Uingereza likakubali, na mwaka huohuo sheria ya kuunda makumbusho ikapitishwa. Milango ilifunguliwa kwa umma tarehe 15 Januari 1759.

Lakini mali ya daktari huyo haikutokana na kutibu wagonjwa peke yake. Mkewe alikuwa mjane aliyerithi mapato ya mashamba ya miwa huko Jamaica, na miwa hiyo ililimwa na watumwa waliotolewa Afrika. Kwa muda mrefu jambo hilo halikutajwa kwa sauti. Mwaka 2020 wakuu wa makumbusho waliiondoa sanamu ya Sloane mahali ilipokuwa imesimama, wakaiweka ndani ya kabati la kioo pamoja na maelezo ya utajiri huo na watumwa walioutolea jasho. Mgeni apitaye hapo hupata fundisho lake la kwanza: kila hazina ina historia yake, na historia hiyo nayo yapasa kuhifadhiwa kama hazina.

JIWE LILILOFUKULIWA NA ASKARI

Chumba kinachojaa watu kuliko vyote ni kile cha Misri. Hapo, ndani ya sanduku la kioo, limesimama jiwe jeusi lililovunjika pembe, lenye urefu wa sentimita 112 na uzito wa kilo 760 hivi. Watoto huinuliwa mabegani ili walione. Hilo ni Jiwe la Rosetta, mji ambao wenyeji huuita Rashid.

Jiwe hilo halikugunduliwa na mtaalamu. Liligunduliwa na askari waliokuwa katika kazi ya kawaida kabisa ya kijeshi. Mwezi Julai 1799 majeshi ya Napoleon yalikuwa Misri, na kikosi kimoja kilikuwa kikiimarisha ngome ya zamani karibu na Rashid. Walipokuwa wakibomoa na kuchimba, jiwe lenye maandishi likatokea. Luteni Pierre-François Bouchard, afisa wa wahandisi, angeweza kuagiza litiwe ukutani pamoja na mawe mengine. Badala yake aliliangalia, akatambua kwamba si jiwe la kawaida, akatoa taarifa kwa wakubwa wake. Kwa uangalifu wa afisa mmoja kijana, dunia ikapata ufunguo wa elimu iliyokuwa imefungwa kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Maana jiwe hilo limeandikwa amri moja, ya mwaka 196 kabla ya Kristo, kwa maandishi ya namna tatu: yale ya picha yaliyotumiwa na makuhani wa Misri, yale ya mkono ya Wamisri wa kawaida, na ya Kigiriki. Kigiriki kilikuwa kingali kinasomwa. Kwa kulinganisha mstari na mstari, jina na jina, mwaka 1822 Mfaransa Jean-François Champollion alitangaza kwamba ameyafumbua maandishi ya picha. Tangu hapo makaburi na mahekalu ya Mto Nili yakaanza kusema.

Lakini Mfaransa huyo alifanya kazi kwa kutumia nakala tu. Jiwe lenyewe lilikuwa limeshachukuliwa na Waingereza, waliowashinda Wafaransa mwaka 1801 na kuandika katika mkataba wa Alexandria kwamba vitu vya kale vilivyokusanywa vikabidhiwe kwao. Limekuwa London tangu mwaka 1802. Liligunduliwa na jeshi moja, likanyakuliwa na jeshi la pili, na wenye nchi, yaani Wamisri, hawakuulizwa. Hata vita vya baadaye vililifuata: mwaka 1917, ndege za Wajerumani zilipokuwa zikiutupia mji mabomu, jiwe lilihamishwa na kufichwa chini ya ardhi, katika kituo cha reli ya posta.

VITA KATIKA UKUTA

Si mbali na hapo ziko kuta za jumba la mfalme Sennacherib wa Waashuru, zilizofukuliwa Ninawi, karibu na mji wa Mosul wa leo katika Iraki. Mawe yamechongwa picha kutoka mwanzo hadi mwisho, na picha zote zasimulia vita vimoja: kutekwa kwa mji wa Lakishi katika Yuda mwaka 701 kabla ya Kristo.

Mwenye ujuzi wa kijeshi atasimama hapa kwa muda mrefu. Ataona jinsi washambuliaji walivyojenga njia ya mteremko hadi ukutani, jinsi mitambo ya kubomolea ilivyosukumwa juu, jinsi wapiga upinde walivyojikinga nyuma ya ngao ndefu, na wapiga kombeo wakiwa nyuma yao. Kila kikosi kina mahali pake. Aliyechonga alifahamu vita.

Lakini mama wa nyumbani, akisimama penye ukuta uleule, ataona jambo jingine. Ataona familia zinazotoka mjini baada ya kushindwa. Baba anatembea mbele ya gari la kukokotwa na ng'ombe. Juu ya mizigo wameketi wanawake na watoto. Kila kilichoweza kubebwa kimebebwa. Wengine katika picha hiyo wanauawa kwa ukatili usiofaa kuelezwa katika ukurasa wa nyumbani. Mfalme ameketi katika kiti chake juu ya kilima akipokea nyara. Imepita miaka zaidi ya 2,700, na bado picha ya mama juu ya gari, akiondoka kwao pasipo kujua aendako, inafahamika mara moja kwa watu wa Maziwa Makuu. Mfalme aliamuru ichongwe ili ajisifu; leo watu wengi huitazama kwa kuwahurumia walioshindwa.

Mahali pengine, katika vyumba vya juu, amelazwa mtu wa Gebelein, Mmisri aliyezikwa katika mchanga mkavu yapata miaka 5,500 iliyopita, hata mwili wake ukakauka bila kuoza. Mwaka 2012 alipigwa picha za mashine za hospitali, na wachunguzi wakaona kwamba alikuwa kijana wa miaka kama 18 hadi 21, na kwamba alichomwa kisu mgongoni, karibu na bega la kushoto. Mifupa haikuonyesha dalili kwamba alipata nafasi ya kujitetea. Kesi hiyo haitapata mshitakiwa, lakini askari wa upelelezi atakubali kwamba ushahidi hauchoki kungoja. Wazazi wenye watoto wadogo wakumbushwe kuwaeleza mapema kwamba huyo si mwanasesere, ni marehemu, na heshima ya marehemu ni ileile.

AFRIKA CHINI YA NGAZI

Vyumba vingi vya Afrika viko chini, mgeni ateremkapo ngazi. Hapo, katika ukuta mmoja, zimepangwa juu ya vyuma vyembamba sahani za shaba kutoka Benin, mji ulioko sasa katika Nigeria. Kila sahani ina sura za watu: mfalme na walinzi wake, wapiga ngoma, mashujaa wenye mapanga, wafanyabiashara wa Kireno wenye nywele ndefu. Mafundi wa Benin walizimimina kwa ustadi mkubwa, tangu karne ya 16. Zilipofika Ulaya, wataalamu wa huko walistaajabu, na baadhi yao walikataa kusadiki kwamba ni kazi ya Waafrika.

Zilifikaje Ulaya? Mwezi Januari 1897 msafara wa Waingereza uliokuwa ukienda Benin, ingawa ulikuwa umeombwa usije wakati huo, ulishambuliwa njiani na wengi wakauawa. Mwezi uliofuata likapelekwa jeshi la kulipiza kisasi. Tarehe 18 Februari mji ulitekwa. Siku chache baadaye jumba la mfalme likateketea. Mfalme, Oba Ovonramwen, alihamishwa hadi Calabar, akafia huko mwaka 1914. Shaba na pembe za ndovu zilichukuliwa kwa maelfu. Nyingine ziligawanywa miongoni mwa maafisa, nyingine ziliuzwa. Jumba la Makumbusho ya Uingereza peke yake lina vitu zaidi ya 900 vya Benin.

Mkuu wa jeshi hilo la kulipiza kisasi alikuwa Admeri Harry Rawson. Jina hilo lina kumbukumbu yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Ni yeye aliyeongoza manowari zilizoipiga Unguja kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kwa muda wa dakika 40 hivi. Watu wapatao 500 waliokuwa upande wa jumba la Sultani waliuawa au kujeruhiwa. Chini ya miezi sita baadaye, afisa huyohuyo alikuwa katika Benin. Basi mtu wa Afrika Mashariki asidhani kwamba habari za shaba hizo ni za mbali.

Katika mkusanyiko wa Benin kimo pia kinyago kidogo cha pembe ya ndovu chenye uso wa mwanamke. Yasemekana ni sura ya Idia, mama yake Oba Esigie wa karne ya 16, mama aliyemsaidia mwanawe katika vita na kuheshimiwa kwa cheo chake mwenyewe. Nigeria ilipoandaa sherehe kubwa ya sanaa za watu weusi mjini Lagos mwaka 1977, sura hiyo ilichaguliwa kuwa alama ya sherehe, na serikali ikaomba iazimwe. Haikupewa. Mafundi wa Benin wakachonga nyingine. Mama akasherehekewa kwao kwa nakala, naye mwenyewe yuko ugenini.

NANI MWENYE MALI?

Hili ndilo swali linalotembea na kila mgeni kutoka chumba hadi chumba. Ugiriki yadai mawe ya hekalu la Parthenon, yaliyong'olewa na watu wa Lord Elgin mwanzoni mwa karne ya 19 na kununuliwa na Bunge la Uingereza mwaka 1816 kwa paundi 35,000. Ethiopia yadai vitu vitakatifu vilivyochukuliwa Maqdala mwaka 1868, baada ya Mfalme Tewodros kujiua badala ya kutekwa. Miongoni mwao zimo tabot 11, yaani mbao takatifu za madhabahu, ambazo makuhani peke yao huruhusiwa kuziona. Makumbusho yameziheshimu kwa kutozionyesha kwa mtu yeyote; lakini watu wa Ethiopia huuliza, ikiwa hakuna anayeruhusiwa kuzitazama London, zinafanya nini London?

Wakuu wa jumba hujibu kwamba hapo vitu vya dunia nzima hukaa pamoja, na mtu aweza kulinganisha Misri na China, Benin na Ugiriki, kwa siku moja na bila malipo. Jibu hilo lina uzito kwa mkazi wa London. Halina uzito uleule kwa mtoto wa Benin, Gondar au Kampala, ambaye nauli ya ndege na viza vyamzuia kabla hajafika langoni. Wakuu hutaja pia sheria ya mwaka 1963, inayowakataza kutoa vitu vilivyomo isipokuwa kwa sababu chache sana. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1950 jumba hilohilo liliwahi kuuza baadhi ya sahani za Benin, kwa hoja kwamba zilikuwa zinafanana na nyingine.

Mambo yameanza kubadilika, ingawa polepole. Mwezi Desemba 2022 Ujerumani ilirudisha Nigeria vitu 20 vya Benin, na mwaka 2025 Uholanzi ikarudisha 119. Mwaka 2024 Jumba la Makumbusho ya Uingereza, pamoja na jumba jingine la London, yalipeleka Kumasi katika Ghana vitu 32 vya dhahabu na fedha vya Waasante. Lakini vilikwenda kwa mkopo wa miaka 3. Mwenye mali akakopeshwa mali yake.

Kwa askari wa leo, habari hizo zina fundisho la kazi. Mkataba wa Hague wa mwaka 1954 unakataza wizi na uporaji wa mali ya utamaduni wakati wa vita. Nyara ambayo babu wa watu fulani alirudi nayo kama kumbukumbu ya ushindi imekuwa deni ambalo wajukuu wake wanadaiwa hadi leo.

LINDO LILILOLALA

Kwa muda mrefu jibu jingine lililotolewa dhidi ya kurudisha vitu lilikuwa kwamba London kuna usalama. Mwezi Agosti 2023 jibu hilo lilipata pigo. Makumbusho yalitangaza kwamba vitu vya ghalani vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa. Hesabu ikafika karibu 2,000, vingi vikiwa vito na mapambo madogo ya Ugiriki na Roma. Mfanyakazi mmoja aliachishwa kazi, na mkurugenzi akajiuzulu, baada ya kudhihirika kwamba mtu wa nje alikuwa ametoa onyo miaka 2 kabla na onyo hilo halikushughulikiwa ipasavyo.

Vitu vingi vilivyopotea havikuwa vimeandikwa kikamilifu katika daftari wala kupigwa picha. Mtunza ghala wa kikosi chochote anajua maana yake: kisichoandikwa hakiwezi kukosekana, kwa kuwa hakuna ajuaye kama kilikuwapo. Geti lilikuwa na walinzi na kuta zilikuwa imara, lakini daftari lilikuwa na mapengo.

CHA KWETU KILICHOMO

Afrika Mashariki nayo ina vitu vyake humo. Kimo kipande cha jiwe kilichochongwa makali kwa mikono ya viumbe wa kale katika bonde la Olduvai, Tanzania, yapata miaka milioni 1.8 iliyopita, ni miongoni mwa vitu vya kale kabisa vilivyotengenezwa ambavyo jumba hilo linavyo. Vimo vigae vilivyookotwa katika ufuko wa Kilwa Kisiwani: vya China, vya nchi za Waarabu na Waajemi, na vya vyungu vilivyofinyangwa na wenyeji. Vigae hivyo vimevunjika, lakini vyathibitisha biashara ya bahari iliyoiunganisha pwani yetu na Asia karne nyingi kabla ya meli za Ulaya kufika. Zimo na kanga pia. Ndiyo, kanga ileile ambayo mama humbebea mtoto, hujifunga jikoni na kumpelekea jirani ujumbe asioweza kuutamka kwa mdomo. Mwaka 2013 makumbusho yalifanya maonyesho ya vitambaa vya Afrika, na kanga za Kenya na Tanzania zilitundikwa ukutani, misemo yake ikielezwa kwa wageni.

Na kimo kichwa cha Luzira. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba katika kilima cha Luzira walifukua vipande vya sanamu za udongo. Kilichokuwa kizima kuliko vyote kilikuwa kichwa cha mtu, kilichofinyangwa na kuchomwa kama chungu. Wachunguzi wa siku za karibuni wanaukisia umri wake kuwa miaka elfu moja hivi. Kama ni hivyo, basi kilifinyangwa kabla ya falme zinazojulikana kuzunguka Ziwa Nyanza kujengeka kama zilivyo katika masimulizi. Nani aliyekifinyanga, na kwa ibada au heshima ya nani, hakuna simulizi lililobaki. Baada ya miaka michache tangu kufukuliwa, kilikuwa kimeshafika London.

Walinzi na wafungwa wa siku ile hawakuandikwa majina yao katika maelezo ya makumbusho. Mikono iliyokitoa kichwa ardhini ilikuwa ya watu waliokuwa wakitumikia kifungo, nao hawakujua kwamba wameshika jambo la thamani kuliko jengo walilokuwa wakilichimbia msingi. Kama Bouchard wa Rashid anakumbukwa kwa jina, basi yafaa angalau ikumbukwe kwamba nao walikuwapo.

KITI CHA BUNDUKI

Katika vyumba hivyohivyo vya Afrika kipo kitu kimoja ambacho hakikuporwa wala kuchimbuliwa. Kilinunuliwa. Ni kiti. Kwa mbali chafanana na kiti cha kawaida cha mikono, lakini mgeni akikaribia huona kwamba miguu, mikono na mgongo wake ni bunduki zilizokatwakatwa. Mgongo umeundwa kwa bunduki mbili za G3 zilizotumiwa na Wareno.

Kilitengenezwa mwaka 2001 na msanii wa Msumbiji, Cristóvão Canhavato, aitwaye Kester. Vita vya wenyewe kwa wenyewe katika nchi yake vilidumu tangu mwaka 1977 hadi 1992. Vilipokwisha, silaha zilikuwa zimezikwa mashambani na kufichwa katika mapaa. Mwaka 1995 Askofu Dinis Sengulane na Baraza la Kikristo la Msumbiji walianzisha mpango wa kubadilishana: mtu alete bunduki, apewe jembe, baiskeli, cherehani au mabati. Silaha zilizoletwa zilikatwa, na vipande vikapewa wasanii. Miongoni mwa bunduki zilizounda kiti hicho, hakuna hata moja iliyotengenezwa Afrika.

Wake wa askari watakielewa kiti hicho bila maelezo. Katika nyumba nyingi za Maziwa Makuu, bunduki imekuwa chanzo cha mshahara na pia chanzo cha matanga. Cherehani iliyopatikana kwa bunduki ni sare za shule za watoto wangapi?

KUANZIA NYUMBANI

Familia itakayopata nafasi ya kufika London, kwa masomo au kwa kazi, yafaa itumie nafasi hiyo vizuri. Jumba halionwi lote kwa siku moja. Ni bora kuchagua vyumba vitatu au vinne na kuvitazama kwa utulivu. Viatu viwe vyepesi, watoto wawe wamekula, na kila mmoja apewe swali la kutafutia jibu. Milango hufunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Siku ya Ijumaa hukawia hadi usiku.

Na wasioweza kufika London wasijione maskini. Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Kampala ya Kale, na tangu mwaka 1954 yako Kitante. Hapo wamo wahenga wetu katika vyungu vyao, mitumbwi, ngoma na vinanda. Humo pia viliwekwa vitu vya Kibuuka, ambaye Waganda walimheshimu kama mungu wa vita. Vilichukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kupelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge, vikarudishwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Mwezi Juni 2024 chuo hichohicho kilileta Kampala vitu vingine 39, ingawa hivi navyo vimeandikwa kuwa ni mkopo. Njia, basi, haijafungwa.

Mtoto akiuliza, "Baba, mbona vitu vyetu viko kwa watu?" asinyamazishwe, wala asidanganywe. Aambiwe kweli: vingine viliporwa kwa mizinga, vingine viliuzwa, na vingine viliondoka kwa sababu sisi wenyewe hatukujua thamani yake. Hiyo ya tatu ndiyo iliyo mikononi mwa kila nyumba. Kigoda cha babu kilichogeuzwa kuni, kibuyu cha nyanya kilichotupwa kwa sababu jirani amenunua plastiki, beji ya babu aliyepigana Burma ambayo watoto huichezea mavumbini: hivyo navyo ni makumbusho. Mama na achukue daftari la kawaida la shule, aandike kitu, aandike kilikuwa cha nani, kilitoka wapi na kilitumiwaje, kisha alitie mahali pakavu. Ghala kubwa la London liliibiwa kwa kukosa maandishi ya namna hiyo.

Kichwa cha Luzira bado kiko ng'ambo. Kikirudi siku moja, kitauliza kama wapo nyumbani wanaokifahamu.